Walter Bell: Mwindaji wa ndovu aliyeanzia Mbale na kupewa jina la Karamoja

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetaka pembe za ndovu kaskazini mashariki mwa Uganda alipaswa kwanza kufika Mbale. Hapo, chini ya Mlima Elgon, ndipo misafara ya Waswahili, Waarabu na wafanyabiashara wengine ilipopanga mizigo, ikanunua nafaka, ikaajiri wapagazi na kungoja habari za njia. Kutoka hapo kwenda kaskazini utawala wa Waingereza ulikuwa wa jina tu. Palikuwa na nyika ya Karamoja, na ndani yake madume ya ndovu ambao pembe zao zilikuwa bado hazijavunwa na soko la dunia.

Miongoni mwa waliopita Mbale katika miaka hiyo alikuwamo Mskoti mmoja kijana, Walter Dalrymple Maitland Bell. Bunduki aliyopenda kuibeba ilikuwa nyepesi, ya risasi nyembamba, ambayo Wazungu wengi wa enzi yake waliiona kuwa inafaa paa na kulungu, wala haimfai mnyama wa tani tano. Alipomaliza safari zake za Karamoja, nchi ile ilikuwa imekuwa sehemu ya jina lake. Hadi leo wapenzi wa bunduki duniani wanamwita Karamojo Bell, kwa tahajia yenye kosa ambayo hakuna aliyejali kuisahihisha.

Idadi ya ndovu aliowaua yeye mwenyewe aliiandika katika daftari: ni zaidi ya 1,000. Kwa msomaji wa sasa tarakimu hiyo inatisha. Kwa Bell ilikuwa hesabu ya biashara, na ni vigumu kuyaelewa maisha yake bila kuyatazama mambo hayo mawili pamoja.

Yatima aliyekimbilia baharini

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba mwaka 1880 katika shamba la familia yake la Clifton Hall, karibu na Edinburgh, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi. Alipokuwa na umri wa miaka miwili mama yake alifariki dunia, na alipofikisha miaka sita baba naye akafuata. Kaka zake wakubwa walimlea, au tuseme walijaribu. Alitoroka shule, akagombana na walimu na wenzake, na alipofika miaka 13 alikuwa tayari amepanda meli na kwenda baharini.

Tamaa yake ilikuwa Afrika. Mwaka 1896 familia ilikubali kumfadhili, naye akashuka pwani ya Afrika Mashariki wakati ule ule ujenzi wa reli ya Uganda ulipokuwa ukianza Mombasa. Akiwa na miaka 16 hivi alipata kazi ya kupiga simba kwa ajili ya reli hiyo. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua vibarua kiasi cha kuusimamisha ujenzi kwa muda.

Silaha aliyokuja nayo kijana huyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndani yake kuna mzizi wa mambo mengi yaliyofuata. Ilikuwa bunduki ya milimita 7.7 iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh, fundi aliyeheshimiwa sana. Ilipokea risasi moja tu kwa wakati mmoja. Juu yake palikuwa na darubini ya kulengea, kifaa kilichokuwa adimu kabisa katika Afrika ya wakati huo. Ukiwa kwenye kiwanja cha shabaha kule Scotland, penye hewa ya baridi na nafasi ya kutosha, usingeweza kuomba kitu bora zaidi.

Katika joto la nyika ya Kenya mambo yalikuwa mengine. Inasimuliwa kuwa maganda ya risasi yalivimba na kukwama baada ya kufyatuliwa, na mpigaji akalazimika kuyasukuma kwa kijiti kupitia mdomo wa mtutu kabla ya kupakia tena. Mtu aliye na simba aliyejeruhiwa mbele yake hana muda wa kazi hiyo. Darubini nayo, hata ingekuwa safi namna gani, haikuwa na msaada kwa silaha iliyogoma.

Jicho, kinundu na tundu

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu tatizo lililomkuta Bell bado linawakuta watu, na ufumbuzi wake una historia ndefu. Kiswahili hutumia neno moja, shabaha, kwa alama inayolengwa na kwa ustadi wa kulenga. Vyuma vinavyowekwa juu ya mtutu ili jicho liongozwe havina jina lililokubaliwa na wote. Anayetafsiri habari za silaha hujikuta akieleza kwa maneno mengi kile ambacho fundi hukionyesha kwa kidole.

Bunduki za zamani zilikuwa na pengo nyuma na kinundu mbele, kwenye ncha ya mtutu. Mpigaji hukiweka kinundu ndani ya pengo, kisha huviweka vyote viwili juu ya alama. Jicho hulazimika kutazama vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti, jambo ambalo kwa binadamu haliwezekani kwa ukamilifu, hasa akishavuka umri wa miaka 40. Ndiyo maana mafundi wa karne ya 19 walifikiria kuweka tundu nyuma badala ya pengo. Mmarekani William Lyman alilifanya tundu hilo kuwa bidhaa mashuhuri tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Jicho likichungulia tunduni hujipeleka lenyewe katikati, penye mwanga zaidi, na mpigaji hubaki na kazi ya kuweka kinundu juu ya alama tu.

Darubini ilikuja kuondoa tatizo zima, maana ndani yake alama na mnyama huonekana katika umbali mmoja. Lakini kioo huingia ukungu, huvunjika bunduki ikianguka, na katika kichaka kizito mnyama aliye hatua kumi mbele huonekana kama ukuta wa ngozi usio na mwanzo wala mwisho. Mafundi wa Ujerumani na Austria walijibu kwa kutengeneza vishikizo vyenye makucha, ambavyo viliwezesha darubini kung'olewa kwa mkono bila bisibisi.

Vishikizo vya kisasa vinavyofunguliwa kwa wenzo vimetokana na wazo hilo, na juu ya kitako cha nyuma cha vishikizo hivyo mafundi sasa huweka kitundu kidogo cha akiba. Darubini ikiharibika, hutolewa, kitundu hukazwa mahali pake, na safari huendelea. Kazi hiyo ina masharti yake. Lazima kuwe na kinundu cha mbele, na bunduki nyingi za leo hutoka kiwandani bila nacho kwa kuwa zimekusudiwa darubini tu. Kwa kuwa kitundu hukaa juu kiasi, kinundu cha kawaida mara nyingi huwa kifupi mno na hubadilishwa kwa kirefu zaidi. Kisha hufuata hesabu. Tundu husogezwa upande ule ule ambao risasi inatakiwa kwenda. Kama kati ya tundu na kinundu kuna sentimita 75, na risasi zinatua sentimita 10 chini ya alama kwa umbali wa mita 50, tundu hupandishwa milimita 1.5. Nusu ya unene wa sarafu yatosha kuamua kama risasi itagusa ubongo au itapita juu yake. Anayefunga kifaa hicho nyumbani na asikijaribu kwa risasi halisi, kwanza kikiwa peke yake na kisha baada ya darubini kurudishwa, amejinunulia pambo.

Bell hakuwa na akiba ya namna hiyo mwaka 1896. Kutoka hapo alijifunza kutilia shaka kila kifaa ambacho uhai wake ungetegemea.

Dhahabu, vita, kisha ndovu

Kabla ya kurudi Afrika Mashariki alizunguka mbali. Alikwenda Yukon, kaskazini mwa Kanada, wakati wa kukimbilia dhahabu. Badala ya kuchimba akawinda paa wakubwa wa huko ili kuulisha mji wa Dawson kwa nyama. Mwenzake katika biashara hiyo alitoweka na karibu mapato yote. Bell akaiuza bunduki yake, akajiandikisha katika kikosi cha wapanda farasi cha Kanada na kupelekwa katika vita vya Makaburu Afrika Kusini. Farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, akatoroka na kurejea kwa wenzake, akamaliza vita akiwa mpelelezi wa jeshi.

Vita vilipokwisha mwaka 1902 alikuwa na miaka 21. Hakurudi nyumbani kukaa. Katika nchi za Uganda zilizokuwa na utawala, sheria ilimruhusu mwenye leseni kuua ndovu wachache tu kwa mwaka. Kwa mtu aliyepania kuishi kwa pembe hiyo haikutosha. Akasikia habari za Karamoja, ambako hapakuwa na ofisa wa kuhesabu.

Mji uliojengwa na mwindaji mwingine

Mbale aliyoikuta Bell ilikuwa changa. Mwasisi wake alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, naye pia maisha yake yalianzia katika uwindaji wa ndovu. Katika miaka ya 1880 Kakungulu aliingia katika huduma ya Kabaka Mwanga kama mwindaji, na kazi hiyo ndiyo iliyomkabidhi bunduki na watu. Katika Buganda ya wakati huo, mwenye bunduki na wafuasi alikuwa na njia ya kuelekea cheo. Vita vya dini vilimpandisha. Ushindani na Apolo Kagwa ulimsukuma mashariki, ambako kuanzia mwaka 1899 alizitiisha nchi za Bukedi kwa niaba ya Waingereza, akitumaini kwamba wangemtambua kuwa mfalme.

Hawakumtambua. Walimwondoa Budaka, akahamia chini ya Elgon na kuanzisha Mbale akiwa na maelfu ya wafuasi, akapanda migomba na kufungua barabara. Biashara ya misafara ikahamia kwake. Mwaka 1906 Waingereza wakamhamisha tena, wakampeleka Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Akakaa huko, mahali Nile inapotoka ziwani, hadi mwaka 1913 aliporudishwa Mbale akiwa amepungukiwa na mamlaka aliyoyaota. Baadaye aliiacha dini ya wakoloni na kuanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambayo ingali hai vilimani karibu na Mbale. Alifariki dunia mwaka 1928.

Msafiri anayetoka Jinja leo, akapita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi hadi Mbale, hufika kwa saa chache. Njia hiyo inaunganisha miji miwili ya maisha ya Kakungulu. Kwa Bell, Mbale ilikuwa mlango tu. Alinunua mahitaji, akapita, na aliporudi alikuwa na pembe.

Bei ya pembe ni ng'ombe

Karamoja haikuwa nchi isiyojulikana, ingawa vitabu vya Wazungu vilipenda kuiita hivyo. Wafanyabiashara wa mwambao walikuwa wameijua kwa miaka mingi. Waswahili wa misafara, watu wa kizazi cha Jumbe Kimameta aliyefuatana na Joseph Thomson mwaka 1883, walikuwa wakizizoea nchi za kaskazini kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Kituo chao kikuu huko kilikuwa Manimani.

Katika miaka ya 1890 wafugaji wa Karamoja walipigwa na maafa mfululizo: sotoka iliua ng'ombe, ndui iliua watu, njaa ikamaliza waliobaki na nguvu. Pembe za ndovu, ambazo awali hazikuwa na thamani kubwa kwao, zikawa njia ya kujaza mazizi upya. Mfanyabiashara alileta ng'ombe, mfugaji alitoa pembe. Biashara hiyo ingeweza kuwa ya heri. Ila baadhi ya wenye misafara waligundua kwamba ng'ombe wa kulipia pembe wanaweza kuporwa kwa jirani kwa msaada wa bunduki chache. Kijiji kimoja kilivamiwa ili kingine kilipwe. Bell alipofika, uhasama ulikuwa umekwisha kupandwa, na misafara midogo ilikuwa ikishambuliwa.

Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ndiyo karibu yote tuliyonayo, Bell aliwakataza watu wake kupora na akatoza adhabu kali. Alitangaza kwamba atakayemwonyesha ndovu dume atalipwa ng'ombe. Tangazo hilo lilifanya kazi ambayo bunduki isingeweza kuifanya: vijana walikuja wenyewe na habari. Mmoja wao, ambaye Bell anamwita Pyjalé, akawa mfuatiliaji wake wa nyayo na rafiki wa karibu, mtu mwenye mkuki aliyetangulia mbele mahali ambapo mwenye bunduki alipenda kuwa nyuma. Vitabu vya Bell vinamsifu sana. Havisemi mengi kuhusu aliyoyafikiri Pyjalé, na hilo ni pengo ambalo wanahistoria hawana namna ya kuliziba.

Fuvu lililopasuliwa kwa msumeno

Wawindaji wa kipindi hicho walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Moja ya zilizosifiwa zaidi ilifyatua risasi ya gramu 48 na ushee, na teke lake lilimrudisha nyuma mtu mzima. Imani ilikuwa kwamba kishindo chenyewe humlegeza ndovu hata risasi ikikosea kidogo.

Bell alijaribu bunduki nzito na nyepesi, akaandika kila risasi aliyoipiga na matokeo yake, na hesabu zikampeleka kwingine. Risasi ya gramu 11.2 ikifika kwenye ubongo, ndovu huanguka papo hapo. Ile ya gramu 48 ikikosa ubongo, ndovu huondoka. Akapasua mafuvu kwa msumeno ili aone kilichomo. Kichwa cha ndovu, ambacho kwa nje kinaonekana kama mwamba, kwa sehemu kubwa ni mifupa yenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki, na ubongo umejificha nyuma na chini, karibu na tundu la sikio. Akajifunza njia ya risasi kutoka kila pembe, ikiwemo ile ya kumpiga mnyama anayeondoka, kutoka nyuma kwa mshazari, ambayo wawindaji wameipa jina lake.

Bunduki aliyoipenda zaidi ilikuwa ya milimita 7, ya utaratibu wa Mauser wa Ujerumani, iliyokamilishwa na kampuni ya Rigby ya London. Ilikuwa na shabaha za kawaida za chuma. Alitumia pia Mannlicher ya Austria ya milimita 6.5, na bunduki ya jeshi la Uingereza ya milimita 7.7. Sababu aliyoitaja ya kuipenda ile ya milimita 7 haikuwa nguvu. Ilikuwa kwamba hakumbuki hata mara moja risasi zake kumsaliti, wakati risasi za kiraia za viwanda vya Uingereza zilipasuka maganda na kumpa taabu isiyokwisha. Aliyewahi kusukuma ganda lililokwama kwa kijiti, huku simba akinguruma, huwa na mizani yake ya ubora.

Kwa ndovu anayepigwa kwa umbali wa hatua chache, darubini haikumhusu tena. Akiba yake aliijenga mwilini. Alifanya mazoezi kila siku kwa bunduki tupu, alilenga vitu akiwa njiani, na kwa kawaida aliibeba silaha yake mwenyewe badala ya kumwachia mpagazi, ili mikono iizoee. Mashuhuda walisimulia jinsi alivyowaangusha ndege wakiwa angani na kupiga samaki walioruka juu ya maji kwa bunduki ya risasi moja moja nzima, si ya marisau. Baadhi ya risasi hizo alizitumia hivyo kwa sababu hakuziamini tena kwa kazi ya ndovu.

Daftari la hesabu

Daftari za Bell ndizo sehemu ya urithi wake inayonisumbua zaidi. Alikokotoa kwamba kwa kila dume moja aliloliua alitembea wastani wa kilomita 117. Alimaliza jozi 24 za viatu kwa mwaka. Siku moja alifuatilia na kuua ndovu tisa, na pembe zao zikamletea pauni 877, fedha ambazo karani wa London angezifanyia kazi kwa miaka. Kati ya ndovu wake wote, majike hawakufika 30, kwa kuwa pembe kubwa ziko kwa madume.

Hakuna majigambo katika hesabu hizo, na pengine ndiyo sababu zinaonekana baridi. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba aliua haraka, hakuacha majeruhi wengi wakifa polepole vichakani, na nyama ililiwa na vijiji vizima. Yote hayo ni kweli kwa kadiri ya maandiko yake. Ni kweli pia kwamba madume aliowachagua, wale wenye pembe ndefu kuliko wote, ndio waliobeba damu ya pembe ndefu kwa vizazi vijavyo. Ustadi wa kuua bila kupoteza risasi uliifanya kazi hiyo kuwa rahisi, nyepesi na yenye faida, na wengine waliokuja nyuma yake hawakuwa na subira ya kupasua mafuvu.

Mpaka wafungwa

Kufikia mwaka 1910 Karamoja ilikuwa imebadilika. Wafanyabiashara kutoka Ethiopia walileta bunduki na kuzibadilisha kwa pembe, na vijana waliokuwa na mikuki wakaanza kuwa na kitu kingine. Serikali ya Uganda iliogopa kupoteza mpaka wake wa kaskazini. Mwaka 1911 ilituma doria chini ya Kapteni Tufnell na kuifunga nchi kwa wafanyabiashara, kisha jeshi likashika utawala. Mlango wa Mbale ukawa na mlinzi. Bunduki hazikutoka Karamoja kwa sababu hiyo. Ziliendelea kuingia, na baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilipoporwa, zikawa nyingi kuliko wakati wowote.

Bell wakati huo alikwisha kuhama. Aliwinda Lado, ukanda wa magharibi mwa Nile uliokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, na ambao ulirudishwa kwa Sudan mwaka 1910. Alifika Ethiopia, Liberia na Kongo. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alijifunza urubani na kurudi Afrika Mashariki katika kikosi cha anga cha Uingereza. Inasimuliwa kwamba mara nyingine aliruka bila mwangalizi wa kiti cha pili, ili apate nafasi ya kumlenga adui mwenyewe kwa bunduki yake. Mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Baada ya vita alifanya safari chache zaidi, ikiwemo moja ya magari kupitia Sudan na Chad, kisha akatulia katika nyanda za juu za Scotland na mkewe Kate, kwenye shamba la Corriemoillie. Mwaka 1923 alichapisha kitabu chake cha kwanza, chenye michoro yake mwenyewe, kikieleza matembezi ya mwindaji wa ndovu. Alishindana kwa mashua ya matanga. Kulungu wa Scotland aliwapiga kwa bunduki ya milimita 5.6, nyembamba kuliko hata ile ya Karamoja, na akaandika makala kuitetea.

Kitabu chake kuhusu Karamoja kilitoka mwaka 1949, karibu miaka 40 baada ya nchi hiyo kufungwa. Bell alifariki dunia tarehe 30 Juni mwaka 1954 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 73. Maandiko aliyoyaacha yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1960.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1962, serikali iliitangaza Kidepo, kwenye pembe ya mbali ya Karamoja inayopakana na Sudan Kusini ya leo, kuwa hifadhi ya taifa. Ndovu wa Uganda, waliokadiriwa kuwa karibu 30,000 kabla ya miaka ya vurugu ya 1970, walipungua hadi 2,000 hivi katika miaka ya 1980. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Tangu hapo idadi ya ndovu imepanda polepole, na Kidepo wanaonekana tena kwa makundi, wakishuka mtoni wakati wa kiangazi.